Kwenda Canton Fair kwa metro: ushuke Pazhou au Xingangdong?

Wengi huchelewa Canton Fair, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, China, kwa kushuka kituo kisicho chao. Kwa hiyo soma namba ya banda kabla ya kutoka hotelini. Mfano, 12.2C05 maana yake ni ukumbi wa 12, ghorofa ya 2, mstari C, banda la 05. Hiyo C ni mstari tu, si eneo. Hapa wageni hukosea sana. Eneo hujulikana kwa namba ya ukumbi: 1 hadi 8 ni eneo A, 9 hadi 13 ni B, 14 hadi 16 ni C.

Kwa eneo A shuka Xingangdong, utokee mlango A. Eneo B ni Pazhou, mlango A au B. Eneo C pia ni Pazhou, ila mlango C. Vituo vyote viwili viko Laini ya 8, vimefuatana, lakini kumbi ni kubwa mno. Ukishuka pasipo pako utatembea sana kabla hujaona bidhaa hata moja.

Wafanyabiashara wetu wengi hufikia mtaa wa Xiaobei, kwenye Laini ya 5. Panda treni iendayo Huangpu New Port, shuka Yuancun, kituo cha tisa, kisha badili uingie Laini ya 11. Kituo kimoja tu, chini ya mto, uko Pazhou. Unayekwenda eneo A, hapo Pazhou ingia Laini ya 8 kuelekea Kecun, ushuke kituo kinachofuata. Laini ya 11 ilifunguliwa Desemba 2024, ndiyo maana maelekezo ya zamani bado yanakupitisha Zhujiang New Town na Laini ya 3. Njia hiyo inafika, ila Laini ya 3 asubuhi hujaa kupita kiasi na utabadili treni mara mbili. Iache. Anayetoka uwanja wa ndege wa Baiyun apande Laini ya 3 hadi Guangzhou East, hapo abadili aingie Laini ya 11 hadi Pazhou.

Nauli huanzia yuan 2 kulingana na umbali. Ukilipa taslimu kwenye mashine, uwe na noti ndogo. Noti ya 100 itakukwamisha. Utapewa kisahani cha plastiki: kuingia unakigusisha kwenye geti, kutoka unakitumbukiza kwenye tundu, basi usikipoteze. Nyepesi zaidi ni msimbo wa usafiri wa Alipay, programu ya malipo ya simu, mradi umeunganisha kadi yako ya benki mapema. Kabla ya geti kila begi hupita kwenye mashine ya eksirei. Visu na mikasi viache hotelini.

Jioni ndiyo kazi. Maonyesho hufungwa saa 12, na kuanzia saa 11 hivi watu humiminika chini kwa pamoja. Ukiwa na brosha na sampuli nzito, ondoka saa 10 na nusu. Ukichelewa, usipandie Laini ya 8 Xingangdong: treni za kurudi mjini huanzia Wanshengwei, zinapita Pazhou kwanza, na kufika Xingangdong zimeshajaa. Kama bado una nguvu za kutembea ndani ya kumbi hadi eneo B, pandia Pazhou. Wa Xiaobei hapo arudi moja kwa moja na Laini ya 11 hadi Yuancun.