Bayocha kwenye mashimo ya Chololo, ninavyofanya mwenyewe

Mbukwenyi jamani. Majirani wananiona nachoma taka shimoni wanadhani nimeanza biashara ya mkaa, kumbe natengeneza bayocha, yaani mkaa wa kuzika shambani kurutubisha udongo. Mimi nauweka kwenye mashimo ya Chololo, vile vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji ya mvua. Na hapana, hatukati mti, Dodoma ilivyo kipara hivi unakata mti wa nini? Tumia magunzi, maganda ya karanga na matawi ya zabibu ukishapogoa. Mabua ya mtama waachie ng'ombe, ukiyachoma utagombana na nyumba nzima.

Kwanza shimo la kuchomea. Upana wa juu mita 1.5, kina sentimita 80, chini pembamba kama faneli. Anza alfajiri kabla upepo haujaamka, na vitu viwe vikavu kweli, vibichi vinatoa moshi tu. Washa matawi membamba, yakikolea ongeza tabaka jembamba, subiri, ukiona majivu meupe yanaanza kujitokeza juu ndo uongeze lingine, unaenda hivyo hivyo mpaka shimo lijae. Moto wa juu unakula hewa yote, vilivyo chini vinakosa, ndo maana kinabaki kaa. Maganda mwaga kidogo kidogo, yakirundikana yanaziba moto. Na usiende kunywa chai, ukirudi utakuta majivu.

Kuzima ni ndoo kadhaa za maji. Kama maji shida, na kwetu ni shida, fukia na udongo kotekote mpaka keshokutwa, usichungulie, likipata hewa linawaka upya. Lilowanishe kabla ya kuponda maana vumbi lake sio zuri kifuani, halafu liponde ndani ya kiroba mpaka vipande viwe kama punje za mahindi.

Sasa hapa ndo wengi tunaharibu. Mwaka wa kwanza nilimwaga kavu kavu, mtama ukawa wa njano nikachekwa mpaka basi. Kaa lina vitundu vingi mno, likiingia na njaa linavuta naitrojeni ya kwenye udongo, mmea unabaki unatazama. Kwa hiyo lilishe kwanza: debe moja la kaa kwa debe moja au mawili ya samadi, mwagia mkojo wa ng'ombe kama upo, funika kivulini wiki 3 au 4, unageuza kila wiki na lisikauke.

Kutawanya shamba zima sishauri, utachoka bure. Chimba mashimo ya Chololo, upana sentimita 22, kina 30, umbali 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari, mistari ikate mteremko. Eka inabeba karibu mashimo 7,500, na ukiweka gramu 100 za kaa kila shimo ni kilo 750, kwa hiyo we anza na robo eka. Udongo wenye magadi ruka, bayocha inazidisha. Maliza kabla ya mvua za Desemba.

Na kaboni, ile inayogeuka hewa ukaa, je? Taka ukiziacha, mchwa wanazimaliza na kaboni inarudi hewani. Ukizigeuza kaa, karibu nusu ya kaboni yake inabaki na inaweza kukaa ardhini miaka mia na zaidi. Kilo 100 za kaa zuri la matawi zina kama 70 za kaboni, sawa na kilo 250 hivi za hewa ukaa.

Msimu unaofuata panda kwenye mashimo yale yale, kaa bado lipo, unaongeza samadi tu.