Kuzima SMS za matangazo zisizokoma

SMS ya duka au kampuni ya kamari ikija na jina badala ya namba, kuandika STOP na kujibu ni kazi bure, kwa sababu jina halipokei majibu. Tazama mwisho wa ujumbe. Mara nyingi kuna msimbo wa kupiga. Kwa laini ya Safaricom, piga *456*9*5# kisha uchague kuzima matangazo yote. SMS za M-PESA zitaendelea kuingia kama kawaida.

Zikiendelea kuja baada ya hapo, huenda kampuni inayapitisha matangazo yake kama taarifa za huduma, na kizuizi hakizigusi hizo. Kublock kwenye simu nako kunaficha tu: ujumbe unatua kwenye folda ya spamu, na kesho tangazo lilelile linakuja kwa jina jingine. Basi kabla ya kublock, piga skrinshoti inayoonyesha jina la mtumaji, tarehe na saa.

Kisha iandikie kampuni barua pepe. Maneno haya yanatosha: "Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, napinga namba yangu kutumiwa kwa matangazo. Ifuteni kwenye orodha yenu, na mnieleze mliipata wapi." Taja namba yenyewe, bila hiyo watakujibu kwamba hawakuoni kwenye mfumo. Wana siku 14, na hawaruhusiwi kukutoza hata shilingi. Swali la mwisho usiliache, maana ndilo linalowababaisha walionunua namba za watu.

Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kupitia tovuti yake au pale Britam Tower, Upper Hill, Nairobi. Ambatisha skrinshoti na ile barua pepe. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Ujumbe wa "umeshinda" kutoka namba ya kawaida ya 07 au 01 ni habari nyingine. Usijibu chochote, kwani jibu linamthibitishia tapeli kwamba laini iko hai. Utume 333, ambayo ni bure kwa Safaricom, halafu ublock.

Kuponi za bahati nasibu za supamaketi zijazie laini ya pili. Na keshia akikuuliza namba ya simu huku unalipa pesa taslimu, mwambie hapana; risiti itatoka tu.