Miezi minne ya Mshtarii: jinsi ya kuiona na kuifuata ukiwa Kigoma

Huku kwetu wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, maana ziwa likishakuwa jeupe taa zao hazivuti kitu. Wewe zifuate siku zao za giza. Mbalamwezi haikuzuii kabisa, ila giza hurahisisha kazi. Beba darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, daftari na penseli.

Kwanza, itafute Mshtarii, yaani sayari ya Jupita. Inang'aa kuliko nyota yoyote na haimetimeti. Zuhura huishinda, lakini Zuhura huwezi kuikuta juu angani saa sita usiku. Kila baada ya miezi 13 hivi Mshtarii huchomoza jua linapozama. Huo ndio msimu wake.

Pili, tuliza darubini. Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu mkono ukitetemeka kidogo tu vitone hugeuka michirizi. Mimi huifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mti mnyoofu wa kimo changu, ncha ya chini nikaikita mchangani. Ikweta iko karibu, kwa hiyo Mshtarii hupanda hadi karibu na utosi: lala chali mkekani, au subiri iteremke upande wa ziwa, kuelekea milima ya Kongo. Mtumbwini usijaribu, hata maji yakiwa shwari.

Tatu, rekebisha lenzi kwa nyota yoyote mpaka iwe nukta, ndipo urudi kwa Mshtarii. Utaona kiduara chenye mwanga mkali, na ubavuni vitone, ndiyo miezi yake, vimejipanga mstari mmoja kama shanga. Ukihesabu vitatu au viwili hujakosea. Huenda mmoja umepita nyuma ya sayari au mbele yake, na Io, ulio karibu zaidi, mara nyingi humezwa na mwanga wa sayari.

Nne, chora. Hatua hii naisisitiza kuliko zote, kwani anayetazama bila kuchora ameona vitone tu. Weka duara, vitone, tarehe na saa. Kesho saa mbili usiku chora tena. Galileo, mwanaanga wa Italia, alifanya hivyohivyo: tarehe 7 Januari 1610 aliona vitatu, cha nne akakiona tarehe 13, na michoro ndiyo iliyomwonyesha kwamba vinaizunguka sayari.

Io humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu, Europa siku 3 na nusu, Ganymede wiki moja na saa chache, Callisto karibu siku 17. Kitone kinachobaki mbali kuliko vyote, upande uleule, jioni nne mfululizo, ni Callisto. Kinachong'aa zaidi kwa kawaida ni Ganymede, wenye kipenyo cha kilomita 5,268. Zebaki, sayari kamili, ina 4,879!

Ukishapata michoro ya siku 17, ipange kutoka juu kwenda chini, sayari zikilingana katikati, kisha unganisha vitone vya Callisto kwa penseli. Utapata wimbi moja refu, limekwenda upande mmoja, likavuka, likarudi.