Kuosha filamu nyeusi-nyeupe nyumbani bila madoa wala mistari

Kabla ya kulaumu dawa, peleka negativu dirishani uliangalie doa lenyewe. Kiduara kidogo cheupe chenye ukingo mkali ni kiputo cha hewa kilichong'ang'ania filamu, dawa ikashindwa kupita. Alama yenye umbo la chozi upande unaong'aa ni maji yaliyokaukia pale. Mistari inayoanzia kwenye matundu ya pembeni imetokana na mtikiso. Hapa Goma maji ndiyo yanatusumbua kuliko vyote, basi tuanzie hapo.

1. Maji. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, yakiwemo magnesiamu na kalsiamu. Ukiyachemsha kila siku unaujua ule ukoko mweupe wa sufuriani, na ndio huohuo unaobaki juu ya negativu. Kwa kuchanganyia dawa ya kuoshea na fiksa (ile inayoifanya picha idumu), chemsha, acha yapoe, chuja kwa karatasi ya kahawa, inatosha. Kwa maji ya mwisho ya kusuuzia, hapana. Mvua nayo usiitegemee: moshi wa volkano ya Nyiragongo huipa asidi na floridi, na bati la nyumba huongeza majivu. Nunua maji ya betri, yasiyo na madini, kwenye duka la vipuri vya gari. Soma lebo mara mbili, maana asidi ya betri huuzwa palepale, nayo ni angavu vilevile na inaunguza. Filamu moja ya milimita 35 huhitaji mililita 300 hivi, kwa hiyo lita moja inahudumia filamu tatu.

2. Joto. Dawa, siki (ya kuisimamisha dawa), fiksa na maji ya kusuuzia, vyote viwe karibu na 20°C. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyolala kwenye bidoni hayako mbali sana na hapo. Pima hata hivyo.

3. Kutikisa. Kwa filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji (1+1), ni dakika 13. Mimina haraka, pindua tangi mara nne ndani ya sekunde 10 za kwanza, kisha ligonge mezani ili viputo vipande juu. Rudia mapinduo manne kila dakika inapoanza, bila fujo. Ukitikisa kwa nguvu, dawa huchuruzika kupitia matundu na kuacha mistari. Ukisahau kutikisa, utapata michirizi kando ya sehemu zenye mwanga mkali.

4. Siki na fiksa. Siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu moja kwa tatu za maji. Kwa fiksa, tumbukiza kipande cha filamu ulichokata mwanzoni, hesabu mpaka kiwe angavu, halafu zidisha muda huo mara mbili.

5. Kusuuza. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10. Tena, mara 20. Anayeletewa maji kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, ataupenda utaratibu huu. Mwisho, maji ya betri yenye Ilfotol au Photo-Flo kidogo (dawa za kufanya maji yateleze bila kuacha matone), kama mililita moja na nusu kwa 300, sekunde 30 bila kutikisa, la sivyo povu litajaa. Wengine hutumia sabuni ya vyombo. Mimi siipendi, ina rangi na manukato. Na usipanguse filamu kwa sponji wala vidole! Chembe moja ya mchanga wa lava itaichana kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho.

6. Kukausha. Vumbi letu ni lava iliyosagika, na likigusa emulsheni (tabaka lenye picha) iliyo mbichi halitoki. Mwaga maji ya moto bafuni, mvuke ushushe vumbi, ndipo uning'inize filamu na kibanio chini. Funga mlango. Feni marufuku, na watoto waoge mapema.

Maswali ya wanachama

Bukavu: Mkubwa, aksanti kwa somo. Yangu tayari ina machozi. Nitupe?
– Usitupe. Iloweke kwenye maji safi, urudie maji ya mwisho. Ukungu mweupe ukibaki, ipitishe kwenye siki ileile ya hatua ya nne kwa dakika mbili, usuuze upya.

Lubumbashi: Huku mwezi wa kumi maji ni moto. 24°C itaharibu?
– Haitaharibu, ila dakika 13 zishuke hadi karibu 9, na vyote vingine viwe 24°C pia. Emulsheni ikitoka kwenye joto kwenda kwenye baridi ghafla hukunjamana, na hilo halina dawa.

Ndosho: Nikiskani naona nukta nyeupe na nyingine nyeusi. Tofauti ni nini?
– Nyeupe ni vumbi lililozuia mwanga. Puliza, au suuza upya. Nyeusi ni kiputo, pale picha haikuoshwa kabisa: kwenye negativu ni cheupe, skana ikigeuza picha kinakuwa cheusi. Hiyo utaizibia kwenye kompyuta.