Kioo cha kale cha Kifaransa: anza kukikagua mgongoni

Muuzaji atakuonyesha dhahabu ya fremu. Wewe mwombe akusaidie kukigeuza.

Hatua ya 1: mgongo. Mbao za karne ya 18 au 19 huwa kavu, kahawia isiyo sawasawa, mara nyingi na matundu ya wadudu. Ukikuta plaiwudi au skrubu mpya, uliza. Ubao wa nyuma kubadilishwa si neno. Fremu ndiyo bei.

Hatua ya 2: kioo chenyewe. Zamani kilipakwa nyuma bati lililochanganywa na zebaki. Upakaji wa fedha, uliotokana na kazi ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, ulikuja kuchukua nafasi yake. Mulika tochi kwa ubavu: cha zebaki kina ukijivu na vichembe vinavyometameta. Usikwangue mgongo wake. Zebaki huweza kushuka hadi ukingo wa chini, na mvuke wake ni sumu. Madoa yaache, binafsi sioni sababu ya kuweka kioo kipya.

Hatua ya 3: dhahabu. Hapa usiharakishe. Fundi alipaka mbao chaki na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, kisha udongo laini, mara nyingi mwekundu, ndipo akabandika majani ya dhahabu kwa maji na kusugua sehemu zilizoinuka kwa jiwe la akiki. Ukitumia lenzi utaona vistari pale jani lilipopandana na jingine. Rangi ya unga wa shaba haina vistari, hujaa kwenye mifereji ya nakshi na kugeuka kahawia. Wekundu wa ule udongo unapaswa kuchungulia penye ncha zinazoguswa, dhahabu ilikolika. Ukiwa sawa kila mahali, hata ndani ya mikunjo, umetengenezwa makusudi.

Hatua ya 4: mtindo, na nimeuweka nyuma makusudi. Mitindo huitwa kwa majina ya wafalme wa Ufaransa. Louis XV hupinda, hujaa makombe ya baharini, na taji lake, yaani nakshi ya juu ya fremu, aghalabu halilingani pande mbili. Louis XVI hunyooka, na shanga na tepe. Louis-Philippe (1830–1848) ana pembe za juu za mviringo, za chini za mraba. Ila karne ya 19 ilinakili sana mitindo ya wafalme waliotangulia, kwa hiyo makombe peke yake hayathibitishi umri.

Hatua ya 5: ukishanunua, futa vumbi kwa brashi laini kavu. Dhahabu iliyobandikwa kwa maji hutoka kwa maji, hivyo dawa ya kusafishia kioo nyunyizia kitambaani, na uishie kidole kimoja kabla ya fremu.