Kabla ya Kupiga Jeki Subaru Nyumbani

Jeki kazi yake ni kuinua. Kulishikilia gari likae juu ni kazi ya stendi, yaani vile viegemeo vya chuma vinavyowekwa chini ya gari, na anayeingia uvunguni wakati gari limeshikwa na jeki peke yake ameikabidhi roho yake kwa sili ndogo ya mpira inayozuia oili isirudi. Nalitanguliza hili kwa sababu Subaru Impreza WRX ni gari linalopendwa sana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na wenye nalo wengi hupenda kulibadilishia breki au oili wenyewe nyumbani. Kazi zenyewe si ngumu. Hatari iko katika yale yanayorukwa kabla mkono haujashika mpini wa jeki.

Anza na mahali. Panatakiwa sakafu ya zege, ngumu na iliyo sawa. Pevingi zilizopangwa juu ya mchanga hutitia, na mguu mmoja wa stendi ukizama, gari zima huegemea upande huo. Lami nayo ikipigwa na jua la mchana la pwani hulainika, na miguu myembamba ya stendi huitoboa. Plaiwudi nene chini ya kila stendi husaidia hapo. Penye mteremko, acha kabisa. Peleka gari kwa jirani mwenye uwanja mzuri.

Kisha ifagie sakafu hiyo, na hili halina uhusiano na usafi. Jeki ya magurudumu hainui kwa mstari ulionyooka: mkono wake huchora upinde, hivyo kadiri gari linavyopanda, jeki nayo lazima ibingirike kidogo kulifuata. Kigurudumu kikikwama kwenye kokoto au ufa, kitakachoteleza ni kisahani cha juu kilichobeba gari. Ndiyo maana fundi mzuri akipiga jeki macho yake huwa kwenye kisahani, siyo kwenye mpini.

Gari likiwa limeshushwa springi, jeki ya kawaida haiingii chini ya bampa. Usilazimishe. Tafuta jeki fupi inayoshuka hadi karibu sentimita 8, au pandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao mbili pana za inchi mbili ili upate nafasi.

Pa kuwekea jeki ndipo wengi wanapoharibu. Kando ya gari, chini ya milango, kuna pindo la chuma lenye alama mbili za kukatwa nyuma ya gurudumu la mbele, na nyingine mbili mbele ya gurudumu la nyuma. Kati ya alama hizo pindo limeimarishwa. Nje ya hapo linakunjika. Weka kipande cha mpira chenye mfereji ili pindo likae ndani yake. Ukinunua sketi za plastiki za pembeni, hakikisha hazikuzibii alama hizo. Injini ya Subaru imelala chini, na mabomba ya ekzosi hupita chini yake, kwa hiyo ukitaka kuinua kwa katikati mbele, tafuta boriti ya chuma iliyoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Sampu ya oili, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, si mahali pa jeki. Gari lililotoka Japani mara nyingi huja na kitabu cha Kijapani au bila kitabu. Tafuta cha modeli yako kabla ya siku ya kazi. Na kama gari lilitumika kule kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, gonga pindo hilo kwa bisibisi. Likimeguka kwa kutu, usiweke jeki wala stendi hapo.

Stendi zichunguze meno, yaani yale ya nguzo yake ambayo kishikio hujifunga humo ili isishuke. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani Harbor Freight iliitisha zirudishwe stendi zake za tani 3 na tani 6 kwa sababu kishikio kiliweza kuachia meno na gari likashuka ghafla. Basi kila unapoweka uzito, tazama kishikio kimeingia jino zima. Matofali usiyatumie hata kwa dakika moja. Hupasuka bila kutoa onyo.

Ukiinua mbele, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, kabari ziende mbele, na usiitegemee hendibreki, maana inashika magurudumu ambayo sasa yako hewani. Gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne: ukiinua upande mmoja, ukawasha injini na kuingiza gia ili usikilize beringi, magurudumu yaliyo chini yatavuta na gari litaruka kutoka kwenye stendi. Ufunguo wa gari uwe mfukoni mwako.

Mwambie mtu wa nyumbani kwamba unaingia chini, na watoto wakae mbali. Nati za tairi zilegeze kidogo tairi likiwa bado chini. Gari likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Likicheza, lishushe uanze upya. Gurudumu ulilofungua lilaze chini ya pindo la gari. Wakati wa kurudisha, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, zimaliziwe gari likiwa chini, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi.