Jinsi ya kumpima kotabeki wa chuo kama atatoboa NFL, tunavyofanya sisi hapa Ngamiani

Wadau habari zenu. Hapa naongelea mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, na NFL ndo ligi yao kubwa ya kulipwa. Kila ikikaribia mwezi wa 4 simu yangu inajaa meseji, kaka huyu dogo atatoboa, kaka huyu mbona maskauti wanamkataa, na wengi wanaouliza wameona klipu ya dakika 3 tu yenye muziki juu. Nimeona niandike hapa mara moja namna ninavyowapima, maana hii kitu naipenda kweli na roho inaniuma nikiona mtu amemtangaza dogo kuwa mfalme kwa sababu ya mpira mmoja mrefu aliorusha wakati timu yake inaongoza kwa pointi 30.

Sisi tupo kama sita hivi, tunakutana barazani kwa binamu yangu barabara ya 12, laptop moja, bando tunachanga, na mzee wa kahawa ameshatuzoea, akipita na birika lake na kashata anasimama kwetu kwanza. Mechi za vyuo ni Jumamosi, zile za mchana wa kule, kwetu zinaanza saa 1 usiku mpaka saa 4 na nusu, kwaiyo mtu wa Tanga hana kisingizio, unatoka zako kazini unaswali unakula unakaa. NFL yenyewe Jumapili kuanzia saa 2 usiku, ikifika mwezi wa 11 wakibadilisha saa zao inakuwa saa 3.

Kwa mgeni kabisa: kotabeki ndo anaepokea mpira kila mashambulizi yanapoanza na yeye ndo anaamua aurushe kwa nani, ampe mwenzie akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Timu ina majaribio 4 ya kupata yadi 10, wakizipata wanaanza upya kuhesabu. Na drafti ninayosema hapa sio ile ya vifuniko vya soda, ni siku timu za NFL zinachagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, raundi 7, timu iliyovurunda msimu uliopita inaanza. Hilo la timu mbovu kuanza likumbuke, nitalirudia.

Kabla ya kumpima dogo yeyote jua ukubwa wa mlima. NFL ina timu 32, yani duniani kuna nafasi 32 tu za kotabeki anaeanza, na kila timu inabeba wawili au watatu. Upande wa pili vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130 na kila chuo kina makotabeki watatu wanne, na hapo sijagusa madaraja ya chini. NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo kule, wenyewe wanakadiria wanaoingia NFL ni chini ya wachezaji 2 katika kila 100 waliofikia kuchaguliwa, na hiyo ni kwa nafasi zote uwanjani. Kwaiyo ukiulizwa kotabeki wa chuo fulani atatoboa, jibu la kuanzia ni hapana, halafu ndo unatafuta sababu za kulibadilisha. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunaanza na ndio halafu tunamtetea.

Na hata akichaguliwa mapema bado. Mwaka 2021 walichukuliwa makotabeki watano ndani ya nafasi 15 za kwanza, Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields na Mac Jones, msimu wa 2024 unaanza wanne kati yao walishaondoka kwenye timu zilizowachagua, kabaki Lawrence peke yake. Hawa walipimwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wana video zote, wana madaktari. Sisi wa barazani tuwe wapole.

Haya, kazi yenyewe. Achana na klipu za mkusanyiko wa mabao, zile zimetengenezwa zikupendeze. Tafuta mechi tatu nzima: moja aliyofungwa, moja dhidi ya difensi ngumu kweli, na moja ya ugenini kwenye kelele. Ukiwa na bando la mechi moja tu basi chukua ile aliyofungwa. Na humo ndani usitazame kila kitu, we nenda kwenye jaribio la 3 likiwa limebaki yadi 7 au zaidi, hapo kila mtu uwanjani anajua mpira utarushwa, wakabaji wanakuja mbio hawana cha kuogopa, na hapo ndo utamjua.

Simamisha picha mpira unapotolewa nyuma. Ziba upande wa kulia wa skrini kwa daftari kama unaona jicho lako linakimbilia wapokeaji, mi nafanya hivyo mpaka leo. Kisha achia na hesabu taratibu, moja, mbili, tatu. Kwenye tatu mpira uwe umeshatoka au awe anajua kwanini bado anao. Angalia miguu kwanza, je anapiga hatua ndogo ndogo akiwa tayari kurusha, au ameshageuza kiuno anataka kukimbia hata hakuna aliemfikia? Halafu macho. Hili la macho alinifungua mjomba wangu, mtu wa soka tupu, ujana wake alicheza kiungo ligi za mtaa Makorora, alikaa na sisi usiku mmoja tunamwangalia dogo ambae sote tulikuwa tunamsifia mkono wake, mjomba hajui hata sheria moja akauliza, mbona huyo anaangalia chini? Tukamwambia hapana mjomba anaangalia mbele. Tukarudisha. Kweli, sekunde ile mkabaji anapopenya kofia ya dogo inainama, anamwangalia mkabaji badala ya wapokeaji wake, na nyuma kule kuna mwenzie yuko peke yake anapunga mkono. Tukaenda klipu nyingine, vile vile. Ya tatu, vile vile. Mechi nzima tulikuwa tumeona mkono hatujaona kofia. Tangu siku ile kwenye daftari langu kuna safu ya KICHWA, kila jaribio la 3 naweka alama, kimeinama au hakijainama, na hiyo safu imenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kitu kingine, simamisha mpira ukiwa bado hewani na uandike kama uamuzi ulikuwa mzuri au mbaya KABLA hujaona umedakwa. Hii ni ngumu, mkono unawasha kutaka kuona, ila ukiangalia matokeo kwanza akili inakudanganya, mpira wa hovyo ukidakwa na mwenye bahati unauita ufundi. Na jiulize huyo aliepokea alikuwa wazi kiasi gani. Chuoni utakuta mpokeaji yuko peke yake kama muuza machungwa kituoni saa 8 mchana, NFL kuwa wazi ni nusu hatua, na kule mpokeaji lazima akanyage miguu miwili ndani ya mstari wakati chuoni mguu mmoja unatosha. Dogo aliezoea kusubiri mtu awe wazi kabisa ndo arushe, kule atasubiri mpaka ataangushwa. Unayemtaka ni yule anaerusha mpira mahali ambapo mwenzie BADO hajafika.

Ukimaliza video nenda kwenye idadi ya mechi alizoanza. Kocha Bill Parcells alikuwa na kanuni zake zinajulikana, kotabeki awe ameanza miaka mitatu, awe mwaka wa mwisho na anamaliza masomo, awe ameshinda mechi 23 au zaidi. Mi sizifuati zote lakini hiyo ya mechi nyingi nimeishika. Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu chuo cha North Carolina, mwaka 2017 akachaguliwa wa 2, mbele ya Patrick Mahomes aliechukuliwa wa 10. Anthony Richardson nae mechi 13 chuo cha Florida, akachaguliwa wa 4 mwaka 2023, na huyu naomba niseme ukweli mimi nilimwamini sana, ule mwili na ile kasi na ile miruko aliyoruka kwenye vipimo vya kabla ya drafti kule Indianapolis, niliwaambia watu wote barazani huyu hashindwi, na namba ya mechi 13 nilikuwa nayo kwenye daftari nikaipita. Sipiti tena. Jayden Daniels na Bo Nix walicheza miaka mitano mitano chuoni kabla ya drafti ya 2024 na wote wawili waliingia wakaanza kuongoza timu msimu wao wa kwanza na kuzifikisha mchujo wa kutafuta bingwa. Hapa Tanga tunalijua hili, umeshaona dogo anawaka mchangani wiki tatu mfululizo, anapelekwa uwanja wa Mkwakwani mbele ya watu waliolipa kiingilio, miguu inakuwa mizito.

Ya kupuuza au kuyapa uzito mdogo nitayapitia haraka. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, Johnny Manziel aliichukua 2012 na NFL hakudumu zaidi ya misimu miwili. Mbio za yadi 40, sawa ni nzuri ila Tom Brady alikimbia kama amebeba gunia na ana Super Bowl 7, yani fainali ya NFL ameishinda mara 7. Ukubwa wa kiganja, cha Joe Burrow kilipimwa inchi 9 watu wakapiga kelele, mwaka wake wa pili akaipeleka Cincinnati Super Bowl. Urefu una maana kidogo, ila Drew Brees hakuwa mrefu na aliwatesa watu miaka 20. Ushindi wa timu pia tumia kwa uangalifu, Texas Tech, chuo cha Mahomes, mwaka wake wa mwisho ilishinda 5 ikafungwa 7.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema mlikumbuke. Timu mbovu ndo inachagua wa kwanza, maana yake dogo bora anapelekwa kwenye nyumba inayovuja. Hapa ndo mi natofautiana na wengi, wao wakishampima dogo wamemaliza, mi naona ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuipima timu inayomchukua. David Carr alichaguliwa wa 1 mwaka 2002 na Houston, timu mpya kabisa, msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi mpaka leo, mtu gani anajifunza kazi huku anapigwa chini hivyo? Mahomes yeye alikuta kocha Andy Reid, akakuta Alex Smith anacheza vizuri, akakaa benchi msimu mzima akaanza mechi moja tu ya mwisho, msimu uliofuata akarusha tachidauni 50, yani mipira ya bao, akawa MVP, mchezaji bora wa msimu. Jiulize wakibadilishana nyumba tungekuwa tunasema nini leo. Na Sam Darnold, wa 3 mwaka 2018, New York walishindwa nae, Carolina wakashindwa nae, watu wakamzika kabisa, 2024 kafika Minnesota kakuta kocha anaejua kazi na wapokeaji wa maana, wakashinda mechi 14.

Kwaiyo usiku wa drafti jina likitajwa uliza mambo manne fasta: kocha mkuu ana uhakika wa kazi yake au msimu ujao anafukuzwa? Ukuta wa mbele unaomlinda ukoje, mwaka jana kotabeki wao aliangushwa mara ngapi? Kuna mpokeaji hata mmoja wa kutegemewa? Na kuna mkubwa mbele yake wa kumfundisha, au wanamtupa majini wiki ya kwanza? Ukipata hapana tatu hata kama daftari lako la video limejaa sifa shusha makadirio yako.

Na kwa waliochaguliwa mwishoni msiwafute. Brady alikuwa wa 199 mwaka 2000, Brock Purdy wa 262 mwaka 2022, jina la mwisho kabisa kutajwa, na alikuwa ameanza miaka minne Iowa State (ile safu ya mechi tena!), akatua San Francisco kwenye timu iliyokamilika na mwaka wake wa pili akaanza Super Bowl. Kurt Warner hakuchaguliwa kabisa, alipanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi kule Iowa, baadae akawa MVP wa msimu wa 1999 na Super Bowl akachukua. Hawa ni wachache mno, nawataja ili ujue kwamba wa raundi ya 6 au 7 akitua nyumba nzuri na ana mechi nyingi mguuni, mwandikie mstari wake.

Ukishaandika makadirio yako usiyaguse mpaka msimu wa tatu uishe. Mkataba wa kwanza ni miaka 4, timu nyingi zinaamua kuanzia mwaka wa 3, na sisi tuwape vijana muda huo huo. Josh Allen alipotoka chuo cha Wyoming asilimia ya mipira yake iliyodakwa ilikuwa 56, watu wakasema hajui kulenga, na msimu wa kwanza alionekana kweli hajui, wa tatu akafika 69 na baadae akawa MVP wa 2024. Ungemfuta mwaka wa kwanza ungefuta mtu.

Daftari langu ni la kawaida la mia tano dukani, ukurasa mmoja dogo mmoja: mechi alizoanza, KICHWA, sekunde, maamuzi, halafu chini naacha mistari minne mitupu ya timu. Drafti huwa mwishoni mwa mwezi wa 4, Alhamisi usiku kwao, kwetu inakuwa Ijumaa saa 9 usiku, mistari minne naijaza hapo hapo jina likitajwa. Anaetaka kuja barabara ya 12 aje na mia mbili ya kahawa na daftari lake, ila makadirio awe ameshayaandika kwa peni kabla hatujawasha laptop.